Vizito vya Wavu wa Baba

Kwetu Murangi kuna hadithi moja ambayo haikosi kusimuliwa ndugu wakikusanyika, iwe arusi, iwe msiba watu wakishachoka kulia. Inamhusu mzee aliyekwenda Butiama na jembe, akalima risasi za mkwewe mbele ya wakubwa wa mkoa. Msimulizi akifika pale mzee anapomwambia msimamizi wa shabaha asubiri kidogo, hajamaliza tuta, watu hushika mbavu. Wajukuu wanaijua kwa moyo. Mzee huyo ni baba yangu, mkwe ni mume wangu, na risasi zenyewe nilizimimina mimi kwa mikono yangu. Nami hucheka na wenzangu, maana nisipocheka wataniuliza nina nini. Lakini kila nikiisikia roho inanisuta, na afadhali niieleze mara moja jinsi ilivyokuwa, bila ya vichekesho.

Tulikuwa tunakaa Bunda, kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha kuchambua pamba. Mume wangu alikuwa fundi wa mitambo. Bunduki aliachiwa na mhandisi mmoja mgeni aliyemaliza mkataba akarudi kwao. Walikwenda wote wawili polisi, kibali kikabadilishwa jina, na pamoja na bunduki akaachiwa sanduku la vyombo vya kutengenezea risasi: kalibu, mashine ndogo ya kushindilia kwa mkono, na mzani mdogo sana, wa kupimia vitu ambavyo hata pumzi inavihamisha. Haikuwa bunduki ya kuwindia. Ilikuwa ndefu na nzito, ya kulala nayo chini kwa tumbo na kulenga karatasi iliyobandikwa mbali. Shangazi yangu alipoiona aliuliza inaua nini. Nikamwambia inaua karatasi. Alinitazama kwa huruma, kisha akaniuliza kama mume wangu ana afya njema.

Na kweli, ukifikiri ilikuwa miaka gani, swali lake lilikuwa la haki. Duka la ushirika lilikuwa na rafu, lilikuwa na mzani na muuzaji mwenye koti, kila kitu isipokuwa bidhaa. Mtu akiona foleni alikuwa anaingia kwanza, halafu ndiyo anauliza kinauzwa nini. Nguo tulifua kwa majani ya mpapai. Sukari tuliisikia redioni. Katikati ya dhiki hiyo, mimi na mume wangu Jumapili tukitoka kanisani tulikuwa tunakula haraka, tunafuta meza, tunakaa kutengeneza risasi za kutoboa karatasi. Majirani walipopita wakauliza mnafanya nini, nilikuwa nasema tunatengeneza vipuri. Hata wakati huo nilikuwa na aibu kidogo, lakini aibu hiyo haikunizuia.

Pale Musoma palikuwa na kikundi kidogo cha walenga shabaha, wengi wao maofisa. Zamani walikuwa wanaagiza risasi za dukani kutoka nje. Fedha za kigeni zilipokwisha nchini, risasi nazo zikaisha. Kilichobaki ni akiba ya baruti na viwashio katika stoo ya kikundi, na maganda matupu ambayo kila mtu aliyaokota na kuyatunza kama mayai ya kuatamia. Kwa hiyo, aliyetaka kupiga ilimbidi ajaze mwenyewe maganda yake. Mume wangu ndiye peke yake aliyekuwa na vyombo vya kazi hiyo, na wakubwa waliokuwa hawajui hata njia ya kwetu wakaanza kumsalimia kwa jina.

Mimi niliingia katika kazi hiyo kwa sababu ya mikono. Mume wangu alikuwa na mikono ya spana; akishika kitu kidogo kinamponyoka. Mimi nilifundishwa kudarizi na masista, nikiwa mtoto, na mikono yangu ilizoea kurudia kitu kimoja mpaka kifanane na mwenzake. Na ulengaji wa shabaha, siri yake kama una siri ndiyo hiyo: kufananisha. Risasi ya kwanza na ya mwisho zisitofautiane. Basi kazi ya kumimina vichwa ikawa yangu. Nilikuwa nayeyusha madini ya risasi katika kisufuria, namimina kwenye kalibu, nangoja, nafungua, natoa kichwa kinachong'aa. Kila kichwa nakikagua kwenye mwanga wa dirisha, kisha kinakwenda mzanini. Chenye kasoro kinarudi jikoni. Baruti sikuigusa hata siku moja. Hiyo ilikuwa kazi ya mume wangu, redio ikiwa imezimwa, mlango umefungwa, na hakuna ruhusa ya kuongea.

Taabu yetu ilikuwa madini. Tulianza na yale ya betri kuukuu za malori ya kiwanda, tukaja kwenye vile vipande vinavyogongwa kwenye ringi za magari. Nilimimina, nikapima, nikatupa, nikamimina tena. Vilitoka vigumu, vina vitundu, na kwenye karatasi vilitawanyika kama mtama uliomwagiwa kuku. Mume wangu alikuwa akirudi kutoka kwenye mazoezi anatandika karatasi mezani, anatazama matundu yake, hasemi neno. Alikuwa mtu mpole. Upole wake ndio uliokuwa unaniudhi. Ningependa alaumu kalibu au anilaumu mimi, tugombane, yaishe.

Siku moja alisema kwamba yule mhandisi alipenda madini laini ya zamani, kama yale wavuvi wanayofunga chini ya wavu ili uzame. Mimi ni mtoto wa ziwani. Nilicheka, kwa nini hatukufikiri mapema. Wiki ile ile nikapanda lori la pamba mpaka Musoma, nikashuka Mwigobero, ufukweni kwenye soko la wavuvi, kuulizia vizito. Sikupata hata kimoja. Miaka ile wavu ulikuwa haununuliki, na kizito kilikuwa hakitupwi hata kama wavu umeoza. Kilifunguliwa kikafungwa kwenye mwingine. Mvuvi mmoja aliyekuwa anaanua dagaa wake aliniambia afadhali aniuzie mlango wa nyumba yake, maana bila mlango atalala, bila vizito hatakula.

Nilipomweleza mume wangu alisema, "Ukienda nyumbani, mwulize mzee kama kuna madini yanayokaa bure. Yakiwa na kazi, yaache."

Hapa inabidi nieleze desturi yetu, maana bila hiyo mtu hawezi kuelewa. Kwetu mkwe ni mtu wa heshima na wa mbali. Mume wangu na baba yangu walikuwa hawakai kwenye mkeka mmoja, hawali sahani moja, hawapeani mkono, na wakikutana njiani mmoja anakwepa kwa adabu. Neno la mmoja kwenda kwa mwenzake lilipitia kwangu. Na kwa sababu ni la nadra na linaletwa na mtu mwingine, neno la mkwe halikataliwi. Mkwe akiomba jogoo, unampa jogoo hata kama ni huyo mmoja anayewika. Mume wangu alilijua hilo vizuri kuliko mimi, na ndiyo maana akaweka lile neno la mwisho: yakiwa na kazi, yaache.

Lile neno la mwisho sikulifikisha.

Sikukusudia ubaya. Nilipofika Murangi, baba alikuwa amekaa uani anashona wavu. Nilimsalimia, tukaulizana habari, nikamwambia mkwe anaomba madini ya risasi kama yapo. Nilisema hivyo tu. Nilikuwa na haraka ya kuwahi mtumbwi wa kurudi, na nadhani pia nilijua kwamba neno fupi lina nguvu kuliko refu. Baba aliuliza kama ni kwa kazi. Nikasema ndiyo, baba, ni kwa kazi. Akaweka sindano ya kushonea, akasema mkwe hajawahi kumwomba kitu tangu alipotoa ng'ombe, akaenda nyuma ya nyumba. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi alikuwa na mfuko wa katani, mzito, unadondosha maji.

Vizito vile navijua tangu utoto. Vilitengenezwa na babu, vipande bapa vilivyokunjwa juu ya kamba, kila kimoja na alama ya nyundo yake. Niliposhika mfuko niliona katika mikunjo mingine nyuzi mbichi zilizokatwa kwa kisu. Madini yanayokaa bure hayana nyuzi. Niliziona kwa macho yangu, nikafunga mfuko, nikamshukuru baba kwa mikono miwili kama tulivyofundishwa, nikaenda zangu.

Bunda nilizitoa nyuzi zile moja moja kabla mume wangu hajarudi kazini.

Sasa sijui niseme vipi juu ya furaha niliyoipata. Madini yale yaliyeyuka vizuri na kutulia, yakajaa kalibu mpaka kwenye ncha. Vichwa vilitoka laini, vizito, vimefanana kiasi kwamba mzani ulikuwa haujui umpe nani. Mume wangu alipokwenda kuvijaribu alirudi anakimbia, mtu mzima, fundi wa kiwanda, anakimbia na karatasi mkononi. Matundu yote yalikuwa yameshikana. Ungeweza kuyafunika kwa kifuniko cha soda. Tuliitazama karatasi ile huku tunacheka. Nilisema, "Zimekaa kama watoto kitandani." Akasema mikono yangu ina baraka. Tangu niolewe nilikuwa sijasifiwa hivyo, na nilitaka kusifiwa tena.

Mashindano ya kikundi yalipangwa kufanyika Butiama, mwisho wa kiangazi. Kabla ya hapo nilikwenda nyumbani kwenye kipaimara cha mdogo wangu. Nilipita ufukweni kutoka kwenye mtumbwi, nikauona wavu wa baba umeanikwa. Ulikuwa nusu. Na chini yake, mahali pa vizito, palikuwa na mawe yaliyofungwa kwa katani, mengine makubwa, mengine madogo, kama ya mtoto aliyekuwa anacheza.

Mama ndiye aliyenieleza, tukiwa jikoni, bila kulaumu. Mawe yalikuwa yanachoropoka majini. Upande mmoja ukiwa mzito na mwingine mwepesi, wavu ulikuwa unajikunja. Siku ya upepo uliburutwa mpaka kwenye miamba, nusu yake ikabaki huko. Wavu mwingine wa kununua ulikuwa haupo Musoma wala Mwanza. Kwa hiyo baba sasa alikuwa anavuta nyavu za watu. Alikuwa ameajiriwa kwenye mtumbwi wa kijana ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kupiga kasia, na jioni alikuwa anapewa sato zake kwenye beseni kama vibarua wengine. Mama aliongeza kwamba nisimwambie mkwe, atajisikia vibaya.

Baba mwenyewe nilipomwuliza juu ya mawe alisema, "Wazee wetu walikuwaga wanatumia mawe, na tulikula samaki." Kisha akaniuliza kama kazi ya mkwe inaendelea. Nikamwambia inaendelea vizuri sana. Akafurahi.

Katika sanduku letu kule Bunda vilikuwa vimebaki vizito zaidi ya nusu, havijayeyushwa. Ningeweza kurudi navyo mtumbwi uliofuata. Ningemwambia mume wangu neno moja tu, angerudisha mpaka vumbi la kwenye kisufuria, nilimjua. Na ndiyo maana sikumwambia. Wale waliopenda kitu cha mikono yao watanielewa, wala sisemi hivyo kujitetea. Nilikuwa nimeona matundu yaliyoshikana, na nilitaka kuyaona tena mbele ya watu. Nikajiambia mashindano yakipita nitarudisha. Niliporudi Bunda nikawasha jiko, nikayeyusha vingine.

Uwanja wa Butiama ulikuwa eneo la wazi chini ya kilima, na mwisho wake lilijengwa tuta la udongo la kuzuia risasi. Mbele ya tuta zilisimamishwa fremu za mbao zenye karatasi. Siku hiyo palikuwa na turubai kwa ajili ya wageni, viti vya kuazima, na pilau, kitu ambacho kilivuta watu wengi kuliko shabaha. Nilikaa kwenye kivuli na wake wa maofisa, nimevaa kitenge changu cha kutokea, sanduku la risasi za raundi ya mwisho mapajani. Mume wangu alikuwa anaongoza yeye na ofisa mmoja wa Musoma. Risasi zilikuwa zinapita pale nilipozituma. Nasema nilipozituma kwa sababu ndivyo nilivyohisi.

Kabla ya raundi ya mwisho walipandisha bendera nyekundu, bunduki zikawekwa chini, wasimamizi wakaenda kubadilisha karatasi. Hapo watu wakaanza kunong'ona na kunyoosha vidole. Kulikuwa na mzee kwenye tuta. Ametokea upande wa mashamba, amevaa koti lake la kanisani, ana jembe begani na kopo la mafuta ya kupikia mkononi. Alipiga magoti chini ya fremu ya mume wangu, akaanza kulima.

Nilimjua kwa koti kabla sijamjua kwa uso.

Dada yake baba alikuwa ameolewa Butiama. Baba alikuja kumsalimia, akasikia kwamba mkwe wake anapiga shabaha pale, akaazima jembe. Alikuwa ameelewa mambo kwa namna yake, na hakukosea. Mvuvi akitumia kizito hakiishi. Kinaingia majini, kinafanya kazi, kinatoka. Kwa hiyo aliamini kwamba mkwe ametumia madini yake, na yakishafanya kazi yatakuwa mahali fulani yanangoja mwenyewe. Na yalikuwepo kweli, ndani ya tuta, yamepondeka. Aliyachimbua, akayapulizia udongo, akayatia koponi. Tuliyasikia yakilia kwenye bati mpaka kule kwenye turubai.

Watu walicheka. Mke wa ofisa mmoja aliuliza kama yule ni chizi wa hapa kijijini. Msimamizi alichukua kipaza sauti akamwambia mzee atoke. Baba aliinua mkono kwa adabu, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba bado kidogo, upande ule hajaugusa. Kicheko kikazidi.

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa amemwona. Kwetu mkwe hapaswi kumwona baba mkwe akiwa amepiga magoti mavumbini, na kama ameona hana ruhusa ya kuendelea kuona. Aligeuka, akalipa tuta mgongo, akasimama hivyo hivyo, mikono imeshika kofia. Walipomwita jina kwa raundi ya mwisho hakugeuka. Waliita tena. Watu wakadhani anaringa. Hakuweza kwenda kumwinua mzee, hakuweza kumwita, hakuweza hata kumtazama, na karatasi yake ilikuwa juu ya kichwa cha baba yangu. Mtu pekee aliyeweza kuvuka uwanja ule ni mimi.

Nikavuka. Nimeambiwa kwamba nilionekana kama binti anayemkimbilia baba yake kumsitiri. Si kweli. Nilikuwa nimeliacha sanduku kwenye kiti, na nilipokuwa natembea nilikuwa nalifikiria. Nilikuwa nafikiri kwamba wakimfuta mume wangu kwenye mashindano, vile vichwa bora nilivyowahi kumimina havitapigwa. Nilimwona baba yangu magotini, udongo kwenye ndevu, na nilikuwa nawaza risasi.

Nilipofika nilichuchumaa, nikamsalimia. Akaitika, akanionyesha kopo. "Tazama, mwanangu. Yako yote hapa hapa, hayakwenda mbali."

Nikamwambia, "Baba, inabidi utoke. Wanataka kupiga."

"Na mkwe bado hajapiga zake?"

"Bado, baba."

Akakusanya jembe lake haraka, kwa aibu, kama mtu aliyegundua amekaa kwenye kiti cha mwenzake. "Mwambie apige. Mwambie nimesema mimi. Hizo nazo nitazifuata baadaye."

Nilimshika mkono nikamtoa pembeni, nikamkalisha kwenye jiwe. Kisha nikaenda kumwambia mume wangu kwamba mzee amesema apige. Aliuliza kwa sauti ya chini yale madini yalikuwa ya wapi. Nikamwambia ni vizito vya wavu, na kwamba mzee amesema apige. Aliniangalia. Neno la mkwe halikataliwi. Lile lile lililomfunga baba yangu likamfunga na yeye. Nilimletea sanduku, akalala chini, akapiga. Matundu yote yalikuwa kitu kimoja, huwezi kusema ni risasi ngapi. Watu walisimama. Nami nilisimama, nikapiga makofi, na nilipotazama pembeni nikamwona baba naye anapiga makofi, kopo amelibana katikati ya magoti.

Bendera ilipopanda tena, alichukua jembe lake akarudi kwenye tuta.

Kwenye lori la kurudi Bunda mume wangu aliniuliza kitu kimoja tu. "Ulijua?"

"Nilijua."

Hakunigombeza. Wiki ile alisafisha bunduki, akaipaka mafuta, akaikabidhi polisi pamoja na kibali. Vyombo alivipeleka kwa kikundi. Vizito vilivyobaki aliviweka kwenye mfuko ule ule wa katani, akamtuma mshenga wetu wa zamani navyo, pamoja na mtamba wa ng'ombe, bila ya maelezo. Baba alimpokea mtamba kama heshima, akashangaa kidogo, akamrudishia salamu. Alivigonga kwenye kamba vizito vyote, vizima na vilivyopondeka, akarudi majini na nusu wavu wake. Hata mtumbwi wa kijana yule hakuuacha kabisa, maana nusu wavu ni nusu kitoweo.

Hadithi ya kuchekesha ni yeye aliyeianzisha. Watu wa Murangi walikuwa wameanza kusema kwamba mkwe amemfilisi mzee. Baba aliposikia, akaanza kuisimulia mwenyewe, kila mahali, na kwa kutia chumvi. Alikuwa anasema, "Wakwe zenu wanawalimia mihogo. Mimi mkwe wangu ananipandia risasi Butiama, navuna." Aliigiza msimamizi na kipaza sauti, aliigiza wakubwa na viti vyao, alijiigiza yeye mwenyewe na jembe. Watu walicheka mpaka wakasahau kumlaumu mkwe. Nilipoisikia mara ya kwanza nilielewa anachofanya, na usiku ule sikula.

Ikapita miaka. Ikaja ruksa ya kuagiza bidhaa kutoka nje, maduka yakajaa. Pale Mwigobero mtu akawa anapita katikati ya marundo ya nyavu mpya, maboya ya rangi, na vizito vimemwagwa chini kwenye turubai kama karanga. Siku nilipoviona nilisimama pale mpaka muuzaji akaniuliza kama nimepotea. Nilinunua wavu mzima na vizito vyake, vingi kupita vile vya babu, nikapanda mtumbwi. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno nitakayosema. Nilikuwa nimeamua kumweleza baba kila kitu, lile neno nililolimeza, nyuzi nilizozitoa.

Baba alikuwa amezeeka, amekaa uani pale pale. Wavu aliupokea akaushukuru. Kisha akafungua mfuko wa vizito, akachukua kimoja, akakipima kwa kiganja, akakiuma kwa meno machache yaliyobaki.

"Ni laini," alisema. "Haya mpelekee mkwe. Yatampigia vizuri. Mimi yangu ninayo."

Nikamwambia mkwe alishaacha kupiga.

"Tangu lini?"

Ningeweza kusema uongo mdogo wa kumsitiri. Badala yake nikamwambia tangu Butiama.

Alikirudisha kile kizito mfukoni. Alitazama ziwani, na niliona uso wake ukibadilika polepole, kama mtu anayehesabu upya jambo alilokuwa amelimaliza.

"Basi ni mimi niliyemharibia," alisema. "Nilikwenda pale na jembe langu, mbele za watu. Na yule bwana alikuwa anajua kupiga."

Nilianza kusema. Nilisema hapana, baba, ni mimi, nikaeleza juu ya neno la mume wangu na juu ya nyuzi, yote, kwa haraka, bila mpango niliokuwa nao kwenye mtumbwi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanipigapiga mkono, kama tulivyokuwa tunafanyiwa utotoni tukijisingizia kosa ili mdogo wetu asichapwe, akasema nina moyo mzuri.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Ndugu zangu bado huisimulia ile hadithi, na huisimulia vizuri. Lakini baba, tangu siku ile, hakuisimulia tena.